Donge la Tano la Bi Hayashi

Miyazaki, Japani
9 Novemba 2024

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku mbali. Natumaini barua hii inakukuta una nguvu, na kwamba goti limekuruhusu kupanda mbaazi mvua ikiwa bado ipo. Mimi ni mzima, nakula vizuri. Dada yangu Ann aliniambia matuta ya shamba la chini yalibomoka, natumaini mmeshayarekebisha.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu wewe ukipokea simu huiweka spika, na Mitaboni nzima ikasikia. Haya nataka uyasome peke yako.

Nilishakueleza juu ya Bi Hayashi, ajuza wa miaka tisini ninayemtunza hapa kwenye makao ya wazee. Mwezi uliopita aliomba apelekwe kwenye hekalu moja la kale, ambako alikwenda mara ya mwisho akiwa bibi harusi. Mkuu wetu alikubali, akanituma mimi pamoja na dereva.

Mwaitu, sijawahi kuona mahali kama pale. Hekalu limejengwa ndani ya pango, na pango liko kwenye jabali juu ya bahari. Ili kulifikia unashuka ngazi, na kiti cha magurudumu hakingeweza kupita. Nikamfunga Bi Hayashi mgongoni kwa shuka, vile ulivyotubeba sisi, nikashuka naye polepole, dereva akitangulia nisije nikateleza. Kila wimbi lilipopiga jabali, mtetemo ulipanda kutoka kwenye nyayo zangu hadi kifuani. Watu walinong'ona tu. Najua utauliza, basi nakujibu: sikusujudu. Nilifanya ishara ya msalaba nikasimama kando, lakini nywele zilinisimama.

Nje ya pango kuna ukuta mfupi, na chini yake, penye mawimbi, jiwe kubwa lenye umbo la kobe. Mgongoni mwake pana kishimo kilichozungushiwa kamba. Unapewa madonge matano ya udongo, madogo kama gololi, yenye alama ya bahati. Wanawake hutupa kwa mkono wa kulia, wanaume kwa wa kushoto. Donge likiingia ndani ya kamba, wanaamini ombi lako litakubaliwa.

Mkono wa kulia wa Bi Hayashi ulidhoofishwa na kiharusi. Madonge mawili ya kwanza yalianguka miguuni petu. La tatu na la nne yalimezwa na maji. Dereva alitaka kumsaidia, akakataa kwa kichwa. La tano alilishika kwa muda mrefu, macho ameyafumba, midomo inacheza. Kisha akalirusha. Lilipanda juu kuliko nilivyotazamia, likagonga ukingo wa jiwe, likaruka, likatua ndani ya kamba. Watu wasiotujua walipiga makofi, mzee mmoja akavua kofia. Fikiria, Mwaitu. Mkono ule hauwezi hata kushika kijiko.

Nikamwuliza ameomba nini, nikidhani ni afya au wajukuu. Akanigusa shavu, akasema, "Nimeomba wakuruhusu uende, mama yako akuone."

Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimemwambia yale yale ninayokuambia wewe mwaka wa tatu sasa, kwamba wakubwa wangu wananinyima likizo. Ni uongo. Nimepewa likizo mara mbili, na mara mbili nimeikataa. Mama wa watu alikuwa na ombi moja, na amelitumia juu ya uongo wangu.

Ukweli ni huu. Siku ile mdogo wangu Bartholomew alipofukiwa na mchanga aliokuwa akichimba mtoni kule Kithyoko, alikuwa amenipigia mara tatu asubuhi. Niliona jina lake, nikaigeuza simu kifudifudi. Tulikuwa tumegombana: mimi nilimwita mvivu, yeye akaniambia nimejifanya mgeni kwetu. Nilitaka asubiri kidogo, ajue nimekasirika. Jioni aliyepiga alikuwa Ann. Alichotaka Bartholomew kuniambia sitakijua kamwe. Sikuja kumzika kwa sababu niliogopa ungenitazama usoni ukajua.

Tukiwa njiani kurudi nilimweleza Bi Hayashi yote. Nilimaliza tulipofika langoni. Halafu akauliza, "Kwa hiyo unaondoka lini?"

Kesho yake niliomba likizo. Nitafika nyumbani Ijumaa, tarehe 20 Desemba.

Ukiona huwezi kunipokea, mwambie Ann anijulishe, nami sitakulaumu. Lakini ukiweza, nakuomba kabla sijaingia ndani unipeleke wewe mwenyewe pale mlipomlaza. Sijui hata ni upande gani wa shamba.

Msalimie Ann na watoto, na wote wanaoniulizia baada ya misa. Bi Hayashi naye anakusalimu. Ameniambia nisisahau kuliandika hilo.

Ni mimi binti yako,
Kavindu