Jina la Kwanza Nililoita

2 Mei

Mdogo wangu Thelma,

Hujambo huko Alice Springs? Wanao wazima? Sisi tupo, baridi imeanza kutuuma.

Jana mashangazi walinifungua kinywa, mwiko wa kusema umekwisha. Tangu mume wangu atutoke nilikuwa kambini na wajane wenzangu, nasema kwa mikono tu kama mila yetu ya msiba inavyotaka. Nikafumbua mdomo, jina la kwanza nikaita la mwanangu Delvina. Alikuwa anacheza na mbwa, kanipa mgongo. Hakugeuka. Nikaita tena. Mbwa akaja, mtoto hakuja.

Thelma, mtoto hasikii! Muda wote ule tulimsemesha kwa mikono, naye mikono yake myepesi kuliko yetu, tukawa tunamsifu. Kumbe! Shuleni wanamwita mkaidi. Sikio linatoa usaha, lakini mtoto gani hapa haumtoki? Nesi kachungulia, kasema kuna kitu kimeziba. Delvina anakuja kwako Jumanne kwa ndege, umpeleke kwa daktari. Asibaki hivi, mdogo wangu. Nimepata sauti nimsemeshe nani?

Mkia wa kangaruu atakaokuja nao ni wako.

Dada yako, Lorna

19 Mei

Dada,

Salamu nyingi. Mkia tumeula, hata mbwa hakubakiziwa.

Kaa chini ndipo usome. Daktari katoa sikioni mbegu nyekundu, moja ya zile za mikufu yako! Delvina anasema kwa mikono aliitia humo isipotee. Nilicheka nikafukuzwa chumbani. Lakini nyuma ya mbegu kiwambo cha sikio kimetoboka, na sikio la pili vilevile. Ni ugonjwa wa siku nyingi. Usaha ukikauka watampasua wazibe matundu kwa viraka. Usianze kulia.

Mdogo wako

30 Juni

Thelma,

Leo hata hali sikuulizi. Amepasuliwa au hajapasuliwa? Chakula hakipiti. Mashangazi wananiuliza kama nimerudi kambi ya wajane.

Mama Delvina

21 Agosti

Mdogo wangu mpenzi,

U mzima? Mimi ni mzima kupita kiasi!

Barua yako kwamba viraka vimeshika niliisoma, sikuamini. Leo tulisimama kwenye waya wa uwanja wa ndege. Delvina kashuka, katupa mgongo, anabishana na rubani juu ya begi. Mashangazi wote mikono juu wanampungia. Nikasema, "Shusheni mikono!" Nikamwita, tena kwa sauti ya kawaida tu, ya jikoni.

Akageuka.

"Mama, usipige kelele, nakuja!"

Wanawake walicheka wakijipiga mapaja mpaka vumbi likatimka. Eti unakoroma kama jenereta, kanieleza yote.

Tangu tufike nyumbani namwita bila sababu.

"Nini tena, mama?"

"Hakuna kitu, mwanangu."

Kidogo, namwita tena.

Dada yako