Wanakuua Leo Asubuhi

Kaka Furaha,

Juzi umekufa tena. Safari hii wamekuua Makambako, "leo asubuhi, watu wa Mungu tuombeane," na chini yake mishumaa na viganja vya sala. Picha ni ileile. Lori limelala ubavu, magunia yamepasuka, na wewe uko pale kwenye majani na fulana yako ya njano, uso umegeukia kamera kana kwamba mtu amekuita.

Tulikuzika Mlowo mwaka jana, kipindi cha mahindi mabichi. Nilidhani mtu hufa mara moja. Kumbe mtandaoni hakuna kaburi, kaka. Lori likipinduka popote, mtu anatafuta picha ya ajali, anaikuta yako, anabadilisha jina la mji, anatuma. Wenzetu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, nao walishakuhamishia kwao. Hapa Tunduma vijana wanafungua magrupu kabla hawajanawa uso, na kila mmoja anataka awe wa kwanza kuitoa habari. Mimi niko kibandani kwangu nauza makava na chaja, mteja ananigeuzia simu: "Dada, umeiona hii?" Nimeiona. Huyo ndiye aliyenifundisha baiskeli, akanicheka nilipotumbukia mtaroni, akanicheka tena nyumbani mbele ya wageni. Simwambii. Namfungia kava lake, anaondoka.

Kwenye magrupu najibu: "Huyu ni kaka yangu, tulishamzika, tafadhali futeni." Wananipa pole, kisha wanaendelea kuituma. Mmoja aliniuliza nina uhakika gani. Nikaizima simu.

Lakini leo nakuandikia kwa ajili ya mama.

Unamkumbuka Mama Ng'wasi, yule Msukuma wa Mbangala aliyekuwa akikupikia ugali mlipokwenda na lori kupakia ufuta? Hatukuwa na namba yake, na msiba wako ulimpita. Mwezi uliopita mwanawe alinunua simu, akaiona picha: leo asubuhi. Mama wa watu akakusanya majirani, wakadandia lori kuja kwetu Mlowo, wamebeba unga, kuku na mzigo wa kuni, kama inavyotakiwa. Wakaanza kulia tangu barabarani, kama inavyotakiwa pia. Nani anaingia msibani kimya kama mwizi?

Mama alikuwa uani anachambua maharage. Aliposikia kilio kinakuja kwetu aliangusha ungo, akakimbilia njiani kichwa wazi, akiniita mimi. Mimi siku hiyo nilikuwa nimekwenda kumsalimia, niko nyuma ya nyumba nafua. Nilimkimbilia, nikasimama mbele yake, bado ananiita. Mpaka aliponishika mikono yenye povu ndipo akauliza, "Sasa ni nani?"

Ni wewe. Mama hakumfukuza mtu. Alisema kilio hakirudishwi mlangoni, akatandika mikeka, wakalia mpaka jioni, nami nikausonga huo unga wao. Mama Ng'wasi alipoelewa kwamba ulishazikwa zamani, aliona haya, akajifunika kanga usoni. Mama ndiye aliyembembeleza.

Walipoondoka, mama aliniomba nimsomee tena yale maandishi ya kwenye picha. Nikamsomea. Akasema, "Kama amekufa leo, jana alikuwa wapi?"

Nilicheka. Unamjua mama kwa utani. Lakini hakuwa anatania. Tangu hapo nikimpigia simu, baada ya salamu tu ananiuliza, "Hawajamtuma tena?" Picha ikikaa muda bila kuonekana, ananyong'onyea. Ikija, anachangamka: basi mpaka jana alikuwa hai, alikuwa mahali anakula. Kaka, naogopa. Namwogopa mama yangu mzazi. Na juzi nilipoona hiyo ya Makambako, kabla akili haijanirudia, nami nilijiuliza ulikuwa unafanya nini huko, na kwa nini hukupita nyumbani.

Hapo ndipo nilipoogopa zaidi.

Jana aliponipigia kuuliza, sikumsomea kitu. Nilifunga kibanda, nikapanda gari mpaka Mlowo, nikamshika mkono hadi kaburini kwako. Majani yameota, mchwa wameula msalaba upande mmoja. Tuling'oa majani kwa mikono. Kisha akaupigapiga udongo taratibu kwa kiganja, kama anavyolaza mtoto. Akaniuliza, "Hajatoka, eti?"

Nikamwambia hajatoka, mama. Yuko hapa.

Alilia sana, kaka, kilio cha siku ile tuliyokuzika. Tulirudi tukanywa chai, akalala mapema. Sijui ukweli huo utamkaa kwa muda gani, maana leo asubuhi nimeshaiona picha tena, kwenye grupu jingine, mji mwingine.

Siwezi kuwazuia wote. Ila pumzika, kaka yangu, usihangaike na hiyo miji wanayokupeleka. Nakuahidi hivi: kila watakapokufukua, nitakwenda kumchukua mama, nasi tutakuzika tena.

Mdogo wako,
Tumaini