Habu za Lagonda

Jumamosi, 10 Septemba 1994
Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi! Asubuhi, gulio la vipuri Malvern, mvua na tope. Mezani kwa mzee mmoja — habu mbili za mbele za Lagonda ya zamani, zile zinazoshika katikati ya magurudumu ya spoki! Gari langu linangoja hizo tu. Nikaweka mkono juu ya habu. Kila mtu huku anajua: mkono wa mwenzio ukiwa juu ya kitu, hukigusi. Nikautoa kidogo tu nifute miwani. Lionel Prewett, mwenzangu wa klabu ya magari ya zamani, akazikwapua! "Pole, Hedley. Ungefuta kwa mkono mwingine." Watu wakacheka. Atakiona cha mtema kuni.

Jumatano, 14 Septemba
Nimepiga simu Coventry, Leeds, kote. Spoki zipo, rimu zipo. Habu hamna. Lionel, nitakukomesha.

Jumanne, 27 Septemba
Marjorie, mke wa Lionel, kaniletea keki ya tangawizi. Anaona haya kwa alichofanya mumewe. Eti Lionel amezifunga habu mwenyewe kwenye Lagonda yake, hataki fundi. Jumapili wataendesha kwenye msafara wa klabu. Keki nimeila yote. Sijamsamehe mtu.

Jumapili, 2 Oktoba
Naandika nikiwa baa ya Ledbury, mwisho wa msafara.

Kabla hatujaondoka Lionel aliniita mbele ya wote. "Haya, fundi, njoo ukague!" Nikainama. Habu ya kushoto ameifunga kulia, ya kulia kushoto! Kila upande una uzi wake wa kuzungushia nati, ili gurudumu likizunguka nati ijikaze. Ukizibadilisha, nati inajifungua yenyewe njiani.

"Unasemaje, mzee?"

"Magurudumu yamependeza," nikasema.

Raha niliyoisikia! Akilini nililiona gurudumu likimtoroka, klabu nzima ikimcheka. Ndipo Marjorie akapanda, akajifunga kitambaa kichwani, akanipungia. Nikafungua mdomo — Lionel akapiga honi, wakaenda.

Magari yote yamefika, isipokuwa lao. Supu imeletwa. Mmoja anasema Lionel lazima kasimama ajipige picha. Wanacheka. Mimi sili. Ile njia ina mteremko mkali — nilisahau mteremko!

Mwenyekiti wa klabu kaniinamia. "Hedley, si wewe uliyekagua magurudumu yake? Yalikuwa sawa, sivyo?"

Amesimama hapa, anangoja. Mimi naandika tu.