Odilo na Mashine Inayojibu

Jumatatu, 2 Juni 2025

Baridi ya Makambako leo si mchezo. Ukishika koleo inauma. Fundi Odilo amerudi kutoka hospitali Njombe. Presha ya macho. Wamemwambia lililopotea halirudi. Kioo cha mashine anakiona ukungu mtupu. Miaka ishirini na miwili anatengeneza vifaa vya hospitali! Bosi wetu, Jofrey, kasema taratibu kabisa: kuanzia wiki ijayo akae mapokezi. Odilo hakubisha. Kaomba wiki hii tu abaki karakana.

Jumanne, 3 Juni

Kaniomba waya wa kuunganisha laptop na mashine ya mzigo — ile inayokilazimisha kifaa kifanye kazi kama kimeshafungwa wodini. "Kamwene," akaisalimia mashine. Nikacheka. Akaandika bila kutazama: nyota, herufi tatu, alama ya kuuliza. Maana yake, wewe nani? Na ikajibu! Jina, namba yake, kila kitu. Laptop ikasoma kwa sauti. Miaka mitatu naibonyeza vitufe, kumbe ina mdomo.

Alhamisi, 5 Juni

Leo kanifundisha. Nimetuma amri — kimya. Odilo kasema iulize hali yake. Ikajibu thelathini na mbili. Nikadhani nimeiua! Kumbe ndiyo namba ya "sijaelewa amri". Kweli, nilikosea herufi moja. Kila tatizo lina namba, na zote anazo kichwani. Ukishauliza, inafuta na kurudi sifuri. Mimi na macho yangu mazima sikuwahi kuuliza chochote. Nilitazama kioo, nikaridhika.

Ijumaa, 6 Juni

Naandika hapa hapa karakana.

Asubuhi tulikuwa na pawa saplai ya kitanda cha joto cha watoto njiti, ya kituo cha afya huko Matamba. Ibebe mzigo masaa manne mfululizo, ndipo iondoke. Saa mbili Odilo kauliza hali: sifuri. Tukaanza. Akaenda duka la dawa kufuata matone ya macho, akarudi saa nne.

Saa sita Dionis, dereva, keshawasha gari. Jofrey akatazama kioo: volti ishirini na nne kamili. Akatoa kalamu asaini iondoke.

"Ngoja niulize," Odilo akasema.

Laptop ikasoma: mia moja ishirini na nane.

"Mashine ilizimwa ikawashwa," akasema Odilo. "Na ikiwashwa haiweki mzigo mpaka iamriwe. Hiyo pawa saplai ilikuwa imepumzika."

"Umeme haujakatika leo, nilikuwepo," Jofrey akajibu. "Kaka, macho yamekwenda. Na masikio nayo?"

Nilitamani ardhi inimeze. Saa tatu nilichomoa plagi nichomeke hita, miguu imekufa ganzi. Kuja kushtuka — ni plagi ya mashine! Nikairudisha. Sekunde tu. Kioo kikaonyesha volti zile zile, nikanyamaza.

Kunyamaza tena nikashindwa.

"Ni mimi, bosi. Nilichomoa."

Jofrey akarudisha kalamu mfukoni, akatoka. Dionis akazima gari. Nikangoja Odilo anigombeze. Kanisukumia laptop: "Mdogo wangu, sasa uliza wewe."

Tumeanza upya saa sita u nusu. Kila robo saa nauliza. Sifuri. Sifuri. Odilo kafumba macho, anasikiliza feni ya mashine kama mtu yuko kanisani. Nikasema labda ni nzima, tumewachelewesha watu bure. Kasema bure si neno la mtu aliyepima.

Saa tisa na robo — nane!

"Mashine imeachia mzigo," kasema Odilo hata sijamaliza kuvuta pumzi. Kapapasa pawa saplai, kaondoa mkono haraka. Ya moto. Imezimika. Masaa mawili na ushee tu! Ingezimikia Matamba, mtoto akiwa amelala kitandani.

Odilo kashaomba bisibisi. Anafungua kifuniko kwa vidole, skrubu anazipanga kwenye kiganja changu.

Jofrey karudi. Yuko mlangoni, kalamu haionekani. Anauliza mashine imesemaje. Hanitazami mimi, wala kioo. Anamuuliza Odilo.