Gari la Karibu na Geti

Jumatatu, 3 Machi

Lifti ameanza tena na magari yake. Mezani leo, kijiko hakijafika mdomoni: amepata mchanganyiko kamili! Moja la kazi, moja la raha, basi. Mume wangu huyu, tangu nimpe jina la Lifti kwa sababu ya kazi yake ya kutengeneza lifti za maghorofa, naona kila kitu anataka kukipandisha ghorofa ya juu zaidi.

Ukweli ni kwamba ua wetu ni mwembamba kama korido. Magari matatu yanakaa mstari mmoja, pua kwa mkia. Pikapu yake ya dizeli. Mwali, lile jekundu la watu wawili, la kufunua paa, ambalo hutolewa nje Jumapili tu. Na Kobe, kigari changu kikuukuu. Wa ndani akitaka kutoka, wa nje wote wapishe. Kila asubuhi sarakasi! Yeye taulo begani anasogeza pikapu, mimi mswaki mdomoni namtoa Kobe barabarani, binti yangu anapiga kelele kwamba atachelewa shule.

Hesabu yake: tuuze pikapu, tuuze Kobe, tununue moja zuri la kila siku, letu wote, maana kazini tunaelekea njia moja. Mwali abaki wa raha. Ua unapumua, hakuna kusogezana.

Nikasema wazo zuri. Kwa nini nilisema hivyo? Sufuria moja nimeiosha mara mbili.

Alhamisi, 6 Machi

Binti ananicheka. Anasema mama anapaki kama mtu anayekwenda kuiba benki. Na kweli. Napenda niwe wa mwisho kuingia. Naingia kwa rivasi, pua ya Kobe inatazama geti. Lifti akiwa hajafika, nazunguka mitaa mpaka afike yeye kwanza, kisha najidai nilipitia mkate. Mkate umejaa nyumbani mpaka unaota ukungu.

Wacha niandike, humu hasomi mtu. Ndoa yangu ya kwanza gari lilikuwa moja. La kwake. Funguo mfukoni mwake, hata akilala. Siku niliyotoka nilitoka kwa miguu, mtoto mgongoni, na nilipofika barabara kubwa kiatu kimoja kilikuwa kimekatika. Nikafanya kazi kama punda, nikanunua Kobe. Nilikuwa na gari kabla ya kuwa na kitanda!

Lifti anajua nimewahi kuolewa. Hayo mengine hayajui. Na yeye hajanikosea kitu. Sauti hajawahi kunipandishia. Mwaka haujaisha tangu anioe, na siku moja aliniletea viatu bila kuniuliza namba, vikanikaa sawasawa. Ndiyo maana naona aibu. Mtu wa namna hii namkalia mkao wa kukimbia!

Jumamosi, 8 Machi

Tumekwenda yadi ya magari, wote watatu. Lifti alikuwa kama mtoto. Anafungua boneti, anagonga matairi, analala chini na shati lake jeupe kuangalia kama mafuta yanavuja. Binti anajaribu viti vya nyuma. Mimi maswali yangu ndiyo yaliyomshangaza muuzaji. Funguo zipo ngapi? Milango ikijifunga yenyewe, kwa ndani inafunguliwaje? Gari likikaa muda bila kuendeshwa litawaka?

Muuzaji, mtu wa tai na maneno mengi, akadhani naogopa wezi. Akaniambia niondoe shaka, mama, gari hili lina kifaa, popote lilipo unaliona kwenye simu. Kisha akamkonyeza Lifti: hata mkigombana, huyu hana pa kukimbilia, unamfuata taratibu kwa ramani!

Wakacheka. Na mimi nikacheka. Nilicheka kwa sauti kuliko wote.

Lifti amelipenda. Buti kubwa, viti vya ngozi, mafuta linanusa tu. Akaniambia rangi nichague mimi. Nikashindwa kuchagua hata rangi! Nikasema yoyote. Akanitazama kidogo, akaniuliza kama kichwa kinaniuma. Nikasema ndiyo, jua.

Jumapili, 9 Machi

Leo raha. Naandika waziwazi ili kesho nisije nikakana.

Lifti alifunua paa la Mwali akanikabidhi usukani. Mimi, ambaye gia za mkono nilizisahau zamani! Klachi polepole, anasema, kama unatoka chumba alicholala mtoto. Likazima. Likazima tena. Waliokuwa nyuma honi juu ya honi. Lifti akasimama juu ya kiti, kichwa nje, akawatangazia wapite pembeni, mke wangu anajifunza! Nilitaka ardhi inimeze. Mara gari likakubali. Barabara ikanyooka, upepo ukanivua kitambaa kichwani, na mimi nacheka mbavu sina. Aliniambia sura yangu hajawahi kuiona hivyo. Hata mimi.

Tuliporudi nikawaza: viti viwili. Mimi na binti tungetosha. Loh! Mtu amenipa kipenzi chake nikiendeshe, na mimi nimeshamtoa yeye ndani.

Jumatano, 12 Machi

Kazini mikono si yangu. Tangu nianze kutengeneza meno bandia sijawahi kurudishiwa seti, leo nimerudishiwa. Meno ya mbele ya juu nimeyapanga upande. Daktari akauliza, mgonjwa atafune au apige filimbi? Wenzangu wakavunjika mbavu. Nimeyeyusha nta, nimeanza upya. Jino moja lilinishinda kulisimamisha.

Mchana dada mkubwa akapiga simu. Nikamdokezea. Akanikata kauli: wenzio wanatafuta mwanaume wa kuongozana naye tu hata sokoni, wewe unaletewa gari jipya unalilia mkweche! Halafu akauliza polepole kama Kobe ana mafuta. Nikamwambia nusu tangi. Akasema haya, sawa basi. Yeye ndiye aliyenifungulia mlango siku ile ya kiatu kilichokatika.

Ijumaa, 14 Machi

Lifti karudi amechoka, mikono ina grisi mpaka kwenye kiwiko. Watu walikwama kati ya ghorofa na ghorofa, mmoja wao mama mjamzito, analia. Anasema lifti iliyokwama hukimbilii kuishusha. Kwanza unapenyeza chuma, unafungua mlango kidogo tu, waone korido. Hawawezi kutoka bado, lakini wanatulia. Yule mama aliuona mwanga akaacha kulia, akaanza hata kumtania fundi kwamba ana vumbi puani.

Nilikuwa namkatia kitunguu. Nikaweka kisu chini nimweleze ya zamani. Nilikuwa nasema! Nilishafungua mdomo!

Akaendelea yeye: habari njema, mteja wa Kobe amepatikana. Mwalimu wa chekechea, amesikia kwa mwenzake kazini. Anakuja Jumamosi ya wiki ijayo.

Nikasema sawa. Kitunguu kikanisaidia, nilikuwa na sababu ya machozi.

Jumanne, 18 Machi

Nimesema. Vibaya.

Asubuhi uani, yeye anasogeza pikapu, mimi nangoja. Akatania kwamba tumebakiza siku chache tu za sarakasi hii. Ikanitoka tu: Kobe haendi popote. Siwezi kukaa bila gari langu. Akasema lakini lile litakuwa lako pia. Nikasema langu. La peke yangu. La kutoka nalo nikitaka kutoka.

Akazima injini. Akauliza, kwa hiyo unalala kwangu huku umevaa viatu?

Nikasema hujanifanya kitu. Akasema hilo ndilo linalomuuma, kwamba hajafanya kitu na adhabu anaila. Hakupiga kelele. Laiti angepiga, ningejua pa kushika! Nikataka kumweleza ya zamani, binti akatoka na begi lake la shule, akatutazama mmoja mmoja. Lifti akasema gari ni lako, mteja Jumamosi mwambie mwenyewe. Akawasha, akaondoka bila kunywa chai.

Alhamisi, 20 Machi

Adabu imejaa nyumba nzima. Naomba chumvi. Ahsante. Karibu. Ningekuwa mgeni hotelini nisingehudumiwa vizuri hivi.

Tangu jana pikapu anailaza nje, barabarani. Mwali amemsukumia ndani kabisa. Geti limebaki na Kobe peke yake mbele yake, njia nyeupe. Jirani ameshaniuliza kama tumepata wageni. Nilichokuwa nakitaka nimekipata, na chakula hakipiti.

Leo asubuhi kioo cha pembeni cha pikapu hakipo. Kimeng'olewa, nyaya zinaning'inia. Nikasema pole, kosa langu. Akasema ni kioo tu. Akafunga nyaya kwa utepe wa gundi, akaenda kazini akigeuza shingo kila kona. Nimemwangalia mpaka akapotea. Nampenda mtu huyu. Nampenda na naogopa, vyote kwa pamoja, na sijui kimoja kitakipisha kingine lini.

Binti kaniuliza kama tunahama. Nikamwambia nani kasema? Akasema hakuna aliyesema, ameuliza tu, maana ana mtihani.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika mbio, wananingoja.

Nilikuwa nimejipanga. Nimwombe radhi mwalimu, nimwambie gari haliuzwi tena, nimrudishie nauli aliyojia. Sentensi zote nilizifanyia mazoezi bafuni.

Kafika peke yake, kwa miguu. Wa rika langu, pengine mdogo kidogo. Mkoba kaushika kifuani kwa mikono miwili. Lifti akasalimia akarudi ndani, akatuachia. Kabla sijaanza radhi zangu, akaomba kulijaribu gari. Nikashindwa kumkatalia hilo. Tukazunguka mtaa, yeye kwenye usukani. Anaendesha vizuri, ila simu ikilia anaruka kitini. Ililia mara kadhaa, hakupokea. Mwishowe akaniomba nimzimie, yeye mikono imeshika usukani.

Tulipoingia uani hakushuka. Akawa anatazama mbele tu. Akauliza kama anaweza kulipa leo na gari likabaki hapa kwetu. Nikamuuliza mpaka lini. Akasema hajui. Atakuja tu siku moja kulichukua, labda alfajiri, labda saa za kazi, na huenda akawa na watoto. Na tafadhali nisimpigie simu, kwa sababu simu ile haishiki yeye peke yake.

Sentensi zangu zote zikafutika. Nikajikuta nasema nakwenda kuleta kadi ya gari.

Lifti alikuwa nyuma ya mlango, kasikia kila neno. Uso umemshuka. Akanishika mkono, akauliza kwa sauti ya chini, na wewe ulikuwa hivi?

Nikamwambia hapana. Mimi sikuwa na gari. Nilikwenda kwa miguu, binti mgongoni.

Aliniachia mkono polepole, akatoka nje.

Sasa nimekaa kitandani. Kadi ninayo, ilikuwa kwenye droo palepale, sikuitafuta hata kidogo. Nikimpa, Kobe atakaa karibu na geti kila siku, nitampita nikienda na nikirudi, na hatakuwa wangu. Nitakuwa na funguo za gari jipya, letu mimi na Lifti, na simu inayoonyesha nilipo. Nikimnyima, nitamtazamaje akitoka hapa na mkoba wake kifuani? Atatembea mpaka wapi? Magari mengine ya kuuzwa yapo, najiambia. Yapo. Lakini ua wa kuyaficha atauomba kwa nani?

Mwandiko huu hata mimi sitausoma.

Dirisha liko wazi. Nawasikia. Lifti anamweleza mwalimu kwamba geti letu ni kaidi, mtu wa nje akilisukuma tu halifunguki. Unapitisha mkono hapa, unainua komeo kwanza, ndipo unasukuma. Halipigi kelele ukiliinua. Anamwambia jaribu. Chuma kinagonga. Anamwambia hapana, inua zaidi, usiogope, jaribu tena.

Anajaribu tena—