Skrini Zimeganda

Jumatano, usiku

Afadhali zile skrini mbili za kuonyesha kina cha maji kwenye boti ya doria zingezimika kabisa. Asubuhi nilisafisha chumvi ya Ziwa Singidani kwenye waya unaoziunganisha, zikawaka. Mzee Njiku, nahodha, akanikabidhi mti wake wa kupimia kina. "Kafanye kuni, fundi. Sasa nina mashine."

Jioni tukirudi, propela ilichimba tope huku skrini zote zinasema mita nne. Nikanyamaza, nikidhani zinachelewa tu kubadilika. Sasa ndiyo nakumbuka: zilisema mita nne tangu katikati ya ziwa.

Alfajiri Mzee Njiku anatoka tena, na upande anaokwenda ni miamba mitupu. Simu hana. Nitadamka, lakini nikimkosa...

Mti wake upo hapa, umeegemea mlango wangu.