Mama, Marando Hayakuwa na Kiu

Shikamoo, Mama.

Najua hakuna marahaba itakayorudi, lakini nikianza bila shikamoo utasema wakwe zangu wa Chiwata wamekuharibia mtoto. Basi nimekuamkia. Sasa nisikilize, maana nimekasirika, na mtu wa kumkasirikia sina isipokuwa wewe.

Ni yale marando yako ya viazi vitamu pale nyuma ya bafu.

Tangu tukuzike sijarudi kwa mume wangu. Arobaini imepita, mvua za kwanza zimeshagusa Kitangari, na mimi bado niko hapa kwako nagombana na majani. Baba Zuhura anapiga simu kila Ijumaa kuuliza narudi lini. Namwambia nikimaliza viazi. Anacheka, anadhani namtania.

Unakumbuka mwaka juzi nilivyokuja mbio kutoka Masasi, kwenye mafunzo ya yule bibi shamba? Hata mkoba sikuutua. Nikageuza jani la kiazi chako, nikakuonyesha vidukari, vile vidudu vidogo vya kijani vilivyojipanga chini ya jani vinanyonya. Nikakwambia, hivi ndivyo vinavyobeba virusi kutoka shina hadi shina. Jani likidumaa, likajikunja, likapauka namna hii, shina limeshaumwa na dawa hakuna. Ni kung'oa, kufukia, na kupanda marando safi mbali na ya zamani. Ukanitazama, ndoo iko kichwani. "Hii kiu tu, mwanangu." Ukatua ndoo, ukamwagia.

Kiu tu! Hapa kwetu juu mlimani kila kitu kikilegea ni kiu. Mpapai ukidondosha majani, kiu. Kuku akisinzia, kiu. Na nani wa kukulaumu? Bomba linatoa maji siku linayopenda lenyewe, na wewe umeshuka bondeni na kuipanda ile njia na ndoo tangu mimi nikiwa mgongoni. Maji hayo hayo, sisi tukioga makopo mawili mawili, ulitenga ndoo nzima ya marando, kiangazi chote. Shingo yako ile, Mama. Ulikuwa unabebea maji kitu kisichoponywa na maji, nami nilikuwa nakuona, na nilichoka kukuambia.

Kaka Hamisi naye akajifanya mganga. Akapuliza salfa, ile dawa ya mikorosho iliyobaki. Majani yakaungua, vidukari vikabaki vinamcheka. Wakati wa kuvuna ukatoa vijiazi vyembamba kama vidole, ukasema udongo umechoka.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba watu walikuja kwako kwa sababu marando yako ndiyo pekee yaliyovuka kiangazi yakiwa hai. Hai, ndiyo, lakini yanaumwa. Ukawakatia wote. Mama Rajabu wa nyumba ya pili, wake wa kaka, hata mama mkwe wangu kule Chiwata. "Mbegu hainyimwi," ulisema, na asante ya mtu hukuitaka. Kila fungu uliloligawa lilitoka na ugonjwa wake. Kuliandika hili siwezi bila kujiona mtoto mbaya, lakini ndivyo ilivyo.

Baada ya arobaini nilishuka Masasi, nikaleta fungu moja la marando safi. Moja tu, Mama, ndilo nililopata. Nimelipakata njia nzima limefungwa kwenye khanga mbichi. Bibi shamba alisema nipande mbali. Mbali wapi? Mbali hakuna maji. Nikapanda upande wa jikoni, mahali ninapoweza kumwagia mpaka mvua ishike. Hazikupita siku nyingi nikageuza jani changa, nikakuta vidukari viwili vimeshakaa. Vimetoka kwenye yako ya nyuma ya bafu, hatua chache tu. Nilijua hapo hapo kwamba nisipong'oa ya kwako, hata haya nimeyapoteza, na mwakani tutapanda ugonjwa tena.

Nikachukua jembe. Nikamkuta mama mdogo Asha amesimama mbele ya marando na ndoo yake.

Mdogo wako huyo, tangu msiba amehamia hapa. Kila asubuhi maji ya kuogea anayapeleka kule kule, kama ulivyokuwa ukifanya. Nikamweleza kwa upole. Nikamweleza tena, bila upole. "Haya dada kaniachia mimi," akasema. "Ya marehemu hayang'olewi." Basi nikajaribu wizi. Alipokuwa anaswali alfajiri nikang'oa mashina mawili nikayafukia. Kumbe anayahesabu! Siku tatu hakugusa ugali niliousonga mimi. Anakula kwa Mama Rajabu, anarudi anajifuta mdomo mbele yangu makusudi. Mlizaliwa tumbo moja kweli.

Alhamisi nikashindwa. Amebeba ndoo, mgongo umepinda, anateleza na tope, na mimi nikapaza sauti ambayo sijawahi kumpazia mtu aliyenizidi umri. Nikasema mwagia hata mto Ruvuma wote, hayaponi! Si kiu, ni ugonjwa! Ninyi kila ugonjwa mnaupa maji!

Akaitua ndoo. Nilidhani atanitukana. Akasema taratibu, "Na dada tulimpa maji."

Mama, nikakaa pale pale kwenye tope.

Maana ni mimi niliyekupa. Kiangazi chote hiki kilichopita, nilipokuja kukaa nawe, ulikuwa unakunywa kopo baada ya kopo, unaamka usiku kunywa, unatoka nje, unarudi unakunywa. Nguo zinakupwaya. Ukasema joto la mwaka huu limezidi, nami nikakubali, nikaenda kukuongezea. Nilijisifu hata kwa majirani kwamba maji ya Mama hayakauki mtungini. Tulipokufikisha hospitali Newala ulikuwa huongei tena, na muuguzi akauliza tangu lini anakunywa hivi. Ndipo nikasikia neno sukari. Mimi niliyejua kugeuza jani na kutafuta chini yake, wewe nilikutazama miezi yote ile nikaona kiu. Nimekutupia hasira hii barua nzima, lakini yangu mwenyewe ndiyo kubwa. Nisamehe.

Mama mdogo ndiye aliyeng'oa shina la kwanza. Akapiga magoti, akavuta, akanionyesha vijiazi vya chini. Tukang'oa yote sisi wawili mpaka mchana, tukachimba shimo, tukafukia. Pale nyuma ya bafu sasa ni udongo mtupu, na kila nikipita macho yananiponyoka kuangalia. Jioni alichukua ile ndoo aliyokuwa ameitua, akaipeleka upande wa jikoni.

Usidhani mambo yamekwisha. Jana nilikwenda kwa Mama Rajabu kumwomba ang'oe ya kwake. Akaniuliza kama sina haya, kuwasema vibaya wafu. Wake wa kaka nao wananikwepa wakiniona na jembe. Nina hasira nao wote, Mama, na kesho nitakwenda tena, na keshokutwa, nyumba moja moja kwa mpangilio ule ule uliogawia, na mwisho Chiwata kwa mama mkwe. Atakayeng'oa nitamkatia haya safi, yakishakomaa. Mbegu hainyimwi, hilo umenifundisha na sitalibadilisha. Ila nitageuza jani kwanza.

Nakuacha upumzike sasa. Shingo yako imebeba vya kutosha, Mama, na huko uliko naomba maji yawe karibu na mlango. Ila nikuambie jambo moja. Leo mchana mama mdogo aliingia ndani, akanywa makopo mawili bila kupumua, akasema joto. Nilitaka kuitikia ndiyo. Badala yake nikaenda kumtafutia khanga safi, maana asubuhi tunakwenda Newala akapimwe sukari.

Mwanao,
Mama Zuhura